Kanda za Idara ya Zoolojia

Mnisamehe kwa kimya cha wiki kadhaa. Sababu ni baiskeli.

Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu, ile ya mtumba yenye gia, lilianza kukata spoki mwaka jana. Moja Januari, mbili Machi, nyingine wiki mbili baadaye. Fundi wa pale stejini, ambaye kazi yake naiheshimu, alibadilisha kila iliyokatika na kunishauri nipunguze mzigo. Nikapunguza. Ikakatika nyingine. Jirani akasema zimekazwa mno, ndiyo maana. Nikazilegeza. Siku hiyo zikakatika mbili kwa mpigo, Thika Road, mvua inanyesha, laptopu iko mgongoni.

Usiku nikaingia mtandaoni. Tovuti nyingi zilitaka ninunue gurudumu jipya. Video moja ilikuwa na muziki mwingi kuliko maelezo. Mwishowe nikaangukia maandishi matupu, hakuna picha wala rangi, mistari ya herufi za taipureta tu, yaliyoandikwa miaka ya 1990 katika kikundi kiitwacho rec.bicycles.tech. Aliyekuwa akijibu ni Jobst Brandt, mhandisi wa California ambaye mwaka 1981 alitoa kitabu kizima kuhusu gurudumu la baiskeli. Hoja yake ni hii: spoki haikatiki kwa kukazwa mno, wala kwa mzigo wa siku moja. Inakatika kwa uchovu wa chuma. Kila gurudumu linapozunguka, spoki iliyofika chini hulegea kidogo kisha hukaza tena, maelfu ya mara katika safari moja. Na pale penye kona, karibu na kitovu, chuma kimebaki na mkazo wa ndani tangu kilipokunjwa. Dawa haina gharama. Ukishamaliza kukaza gurudumu, shika spoki mbili zinazokwenda sambamba, zibane kwa mkono kwa nguvu zako zote, kisha nenda jozi inayofuata mpaka uzunguke gurudumu lote. Mkazo huo mkubwa wa muda mfupi unauondoa ule uliobaki ndani.

Nilibana mpaka viganja vikauma. Hadi leo haijakatika hata moja, na fundi wangu sasa anafanya hivyo kwa wateja wengine.

Brandt alifariki mwaka 2015. Hakuwahi kusikia habari za Thika Road. Lakini kilichonishika zaidi ya jibu lake ni kelele zilizolizunguka. Kuna aliyempinga. Kuna aliyesema yeye amejenga magurudumu maisha yake yote na hajawahi kubana kitu. Kuna aliyeuliza swali lile lile lililojibiwa mwezi uliopita, na mzee akamjibu kwa ukali, lakini akajibu. Kama ningesoma hoja hiyo katika makala safi iliyopigwa pasi, nadhani ningemsikiliza jirani yangu. Nilimwamini Brandt kwa sababu nilimwona akibishiwa na watu wanaojua, na hoja yake ikabaki imesimama.

Basi nikajiuliza swali la kihistoria: mabishano ya watu waliokuwa wakijifurahisha baada ya kazi, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, yamenifikiaje mimi? Nani aliyatunza? Kutafuta jibu ndiko kulikonichukua wiki zote hizi.

Shuleni walimu wetu wa Kiswahili walitufundisha kuita mambo ya namna hii uraibu, neno lile lile la mtu aliyetekwa na tumbaku. Nadhani walipatia.

Hadithi inaanza mwaka 1979. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kompyuta za Unix kupigiana simu na kupeana habari. Steve Bellovin, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilicho jirani, akaandika programu ya kwanza, na mwaka 1980 mtandao huo ukaanza kusambaa kwa jina la Usenet. Msifikirie intaneti ya leo. Kompyuta moja ilipigia nyingine simu usiku wakati bei imeshuka, ikamwaga jumbe zake, ikachukua za mwenzake, ikakata. Ujumbe uliweza kuchukua siku kadhaa kufika upande wa pili wa nchi. Waliowahi kusubiri usiku uingie ndipo wapige simu ya bei nafuu wananielewa.

Watu wa Unix walijadili Unix, ndiyo, lakini haikuchukua muda wakaanza kujadili mapishi, filamu, ndege na muziki. Vikundi vilipopangwa upya kati ya 1986 na 1987, burudani zikapewa tawi lao, rec, na humo wakaingia watu wa bustani, wa redio za ridhaa, wa baiskeli. Hakuna aliyelipwa kujibu swali. Ulijibu kwa sababu ulijua, au kwa sababu ulishindwa kuvumilia kuona mwingine anakosea mbele za watu.

Na jumbe hizo zilifutwa. Hili watu wengi hawalijui. Diski zilikuwa ndogo na ghali, hivyo kila msimamizi wa mitambo alipanga jumbe zikae siku chache au wiki chache, kisha zitupwe kupisha nyingine. Haikuonekana dhambi. Ni nani anayeweka akiba ya porojo za kijiweni?

Mmoja aliweka. Anaitwa Henry Spencer, na alikuwa msimamizi wa kompyuta katika idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Idara ya wanyama, jamani! Mashine yake ilijulikana kote kwa jina la utzoo. Kuanzia mwaka 1981 Spencer alikuwa akinakili jumbe za Usenet kwenye kanda za sumaku, na aliendelea hivyo kwa miaka kumi hivi, mpaka katikati ya 1991. Waandishi wa programu wanamjua kwa mambo mengine: aliandika, pamoja na Geoff Collyer, programu ya C News iliyosafirisha jumbe za Usenet, na maktaba yake ya kutafuta ruwaza katika maandishi imetumika ndani ya programu nyingi sana. Wapenzi wa anga wanamjua kwa majibu yake katika kikundi cha sci.space. Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni ile isiyohitaji akili nyingi: kutoa kanda iliyojaa, kuandika lebo, kuweka kanda nyingine.

Zilifika 141, zikiwa na jumbe kama milioni mbili. Kanda ya sumaku ni kitu kikubwa, kinakula nafasi, kinakusanya vumbi, na kila mwaka mashine za kukisoma zinapungua. David Wiseman wa Chuo Kikuu cha Western Ontario na wenzake ndio waliozichukua na kuzisoma moja moja mpaka zikahamia kwenye diski. Kazi hiyo haikuwa na mshahara wa maana, wala wakati huo haikuwa na mteja.

Mteja alikuja baadaye. Mwaka 1995 kampuni ya Deja News ya Texas ilianza kukusanya jumbe za Usenet na kumwezesha mtu yeyote kuzitafuta. Februari 2001 Google wakainunua hifadhi hiyo, wakati huo ikiwa na jumbe zipatazo milioni 500. Wakaongeza kanda za Spencer na makusanyo ya watu wengine waliokuwa wametunza kwa njia zao, wengine kwenye CD, na Desemba 2001 wakafungua hifadhi ya miaka ishirini yenye jumbe zaidi ya milioni 700. Ukifikiria, miaka kumi ya kwanza kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye rafu za idara moja ya wanyama.

Sasa, je, kuna faida gani zaidi ya spoki zangu?

Chukueni mfano ambao kila msomaji wa ukurasa huu anaujua nusu. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, Linus Torvalds, aliwaandikia watu wa kikundi cha comp.os.minix. Alisema anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwamba ni uraibu tu, hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu. Alisema haubebeki kwenda kwenye mashine za aina nyingine, na kwamba huenda hautawahi kukubali diski za aina nyingine isipokuwa za aina aliyokuwa nayo mwenyewe. Pia aliuliza watu wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix. (Angalieni tarehe: kanda za Spencer zilikuwa zimeishia wiki chache tu kabla. Ujumbe huu tunao kwa sababu kulikuwa na wengine waliotunza.)

Leo Linux iko ndani ya kila simu ya Android, na kwa hiyo iko mfukoni mwa makanga na kwenye kibanda cha M-Pesa. Mtu aliyefanikiwa kiasi hicho akikusimulia kwamba mwanzoni hakuwa na ndoto yoyote kubwa, utatabasamu kwa adabu na kusema moyoni, huyu anajinyenyekeza mbele ya kamera. Lakini maneno yameandikwa, yana tarehe, na aliyeyaandika hakujua kitakachofuata. Historia iliyoandikwa na washindi baada ya ushindi haiwezi kukupa hilo.

Hifadhi haikutunza walioshinda peke yao. Tarehe 29 Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeitengeneza Minix, aliandika katika kikundi kile kile kwamba Linux imepitwa na wakati. Kiini kimoja kikubwa, alisema, ni kurudi miaka ya 1970, na kufunga mfumo kwenye aina moja ya prosesa ni kosa kwa sababu prosesa hizo hazitadumu. Torvalds akajibu kwa hasira za kijana, baadaye akaomba radhi kwa ukali wake. Watu wengi hupenda kuusimulia ubishi huu kama kichekesho cha profesa aliyekosea. Mimi nimeusoma wote na naona ni afadhali kuusoma kuliko kusimuliwa. Prosesa za Intel hazikufa, hapo profesa alikosea. Lakini kuhusu mfumo kufungwa kwenye mashine ya aina moja, ni wanaLinux wenyewe waliokuja kuurekebisha, na laiti wasingefanya hivyo simu yako isingekuwa na Linux, kwa sababu prosesa yake si ya Intel. Ndani ya ubishi mmoja kila upande ulikuwa na kitu. Muhtasari hauonyeshi hilo.

Mfano mwingine ni mdogo, lakini naupenda zaidi. Alama ya tabasamu, :-) , ilipendekezwa na Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, tarehe 19 Septemba 1982, kwenye ubao wa mazungumzo wa kompyuta za chuo. Miaka ikapita, alama ikaenea dunia nzima, na ujumbe wenyewe haukuwepo. Fahlman mwenyewe hakuwa na nakala. Alikuwa na kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mtu kuhusu ugunduzi wake mwenyewe ni shahidi dhaifu. Mwaka 2002 Mike Jones wa Microsoft alichochea msako. Kanda za akiba za mwaka 1982 zikatafutwa, mashine ya kuzisoma ikatafutwa, na Jeff Baird pamoja na wafanyakazi wengine wa chuo wakazifukua mpaka Septemba 2002 wakaupata.

Alichokumbuka kilikuwa sawa. Lakini kanda zilileta kitu ambacho ujumbe mmoja usingeweza kukuambia: sababu. Siku chache kabla watu walikuwa wakitaniana kuhusu lifti inayoanguka, ndani yake kuna mshumaa na tone la zebaki. Mmoja akaandika kama onyo la mzaha kwamba lifti ya chuo imechafuliwa na zebaki, na kuna waliolichukulia kuwa tangazo la kweli. Hapo ndipo watu wakaanza kupendekeza alama ya kuonyesha mzaha. Kuna aliyetaka nyota, kuna aliyetaka alama ya asilimia. Tabasamu lilishinda katika mashindano, na mashindano yenyewe yalizaliwa na zebaki ambayo haikuwepo.

Sisemi kila kilichomo ni dhahabu. Ushauri wa kuweka skrini katika Linux ya 1995 ukiufuata leo utapoteza jioni yako bure. Kuna matusi mengi. Na kuna suala la haki ambalo sipendi watu walipite haraka: waliokuwa wakiandika mwaka 1984 walijua maneno yao yatafutwa baada ya wiki mbili, kisha siku moja yakaonekana dunia nzima kwa jina kamili. Deja News ilipokuja, palibuniwa mstari wa kuweka juu ya ujumbe, X-No-Archive, wa kuomba usihifadhiwe. Naona ni adabu kuuheshimu, hata kama mwanahistoria ndani yangu analia.

Na hata kilichohifadhiwa hakina hakika. Februari 2024 Google waliacha kupokea jumbe mpya za Usenet. Za zamani wameziacha zitafutwe. Yahoo, ambao vikundi vyao vilibeba mazungumzo ya wapenda treni, wakusanyaji stempu, wanafunzi wa zamani wa shule na wanavijiji walioko ughaibuni, walitangaza Oktoba 2019 kwamba watafuta yaliyomo. Watu wa Archive Team, kikundi cha kujitolea kilichoanza 2009, walikesha wakinakili walichoweza. Tarehe 15 Desemba 2020 Yahoo Groups ikafungwa kabisa. Karibu miaka ishirini ya watu kujibiana, na muda wa kuokoa ulikuwa miezi michache.

Ningependa kuwalaumu wakubwa hao kwa sauti kubwa. Siwezi, kwa sababu nami nimefanya hivyo hivyo.

Kuanzia 2004 nilikuwa nikisimamia kikundi cha barua pepe cha wapenzi wa Linux, watu kama sitini, wengi wa Nairobi, wengine Nakuru, Kisumu na Eldoret. Seva ilikuwa kompyuta ya zamani chini ya meza yangu. Mwaka 2011 diski ikafa. Sikuwa na nakala. Nakumbuka nilivyojifariji: ni mazungumzo tu, na watu sasa wamehamia kwingine.

Miaka mitatu baadaye alifariki mwanachama tuliyemwita Mwalimu, mstaafu wa Nakuru aliyejifunza Linux akiwa na zaidi ya miaka sitini na aliyetuita sote vijana wangu. Baada ya mazishi binti yake alinipigia simu. Akasema, "Kaka, baba alikuwa akiandika nanyi usiku usiku, mama akimgombeza alale. Kuna chochote tunaweza kusoma?" Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika. Ikabidi nimwambie ukweli, dada, hakuna kitu, na kosa ni langu.

Niliwaandikia niliobaki na anwani zao. Mmoja wa Kisumu akajibu baada ya wiki. Alikuwa na laptopu iliyokufa skrini, na ndani yake Thunderbird ambayo hakuwahi kufuta barua hata moja kwa uvivu, ndivyo alivyosema mwenyewe. Tukaitoa diski tukaisoma kwenye mashine nyingine. Faili moja ya mbox, kuanzia 2006 mpaka 2009. Nilizichapisha barua zote za Mwalimu, nikazifunga kwa spairo, nikampelekea binti yake. Faili nikaiweka sehemu tatu tofauti, na sikuifungua tena.

Wiki iliyopita niliifungua. Nilitafuta hekima, nikakuta bei ya kadi za simu za kupiga intaneti. Nikakuta mabishano ya Julai 2009, wiki ile waya wa SEACOM ulipowashwa, mmoja akiapa intaneti imekuwa na kasi mpya, mwingine akisema ni hisia zake tu. Nikakuta umeme ukikatika katikati ya sentensi, na mtu akirudi kesho yake kuimalizia. Na nikakuta jinsi tulivyosambaza Ubuntu wakati kuipakua kulichukua siku mbili: mmoja aliomba CD za bure zilizokuwa zikitumwa na posta, zikifika anazigawa, na za mikoani zinapanda basi.

Mwalimu anaandika, mwaka 2007, saa saba usiku: "Vijana wangu, CD mbili zimefika ila moja ina mkwaruzo na nyingine dereva ameikalia. Nitumieni tatu. Mbili ni za walimu wenzangu, sijawaambia bado kwamba wanazihitaji."